KUISHI UGENINI UJANANI: FAIDA ZAKE NA MASHARTI YAKE

Bismillahir Rahmanir Rahim

Shukrani zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba wake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. 

Kila mwaka, mitihani ya mwisho ikishamalizika, wanafunzi wakubwa wa madrasa yetu huwajia walimu na swali moja: "Maalim, niende nje au nibaki?" Wengine wamepata nafasi ya masomo, wengine wameitwa na mjomba au shangazi aliyeko Arabuni au Ulaya, na wengine wamesikia tu kwamba huko kuna kazi. Mwaka huu walimu wametutaka sisi, wanafunzi wa zamani wa madrasa hii, tuwajibu. Tuko watatu. Mmoja wetu alisoma Khartoum, wa pili alifanya kazi Muscat, na wa tatu, dada yetu, alisoma Uingereza akiishi kwa kaka yake. Sote tuliondoka nyumbani kabla ya kutimiza miaka 22, na sote tumerudi. Katika somo hili tutasema "sisi" bila ya kubagua nani alifanya lipi, kwa sababu faida tulizozipata zinafanana, na makosa tuliyoyafanya yanafanana pia.

Jawabu letu kwa ufupi ni hili: kuishi ugenini ujanani kuna faida kubwa, lakini faida hiyo haimo ndani ya nchi unayokwenda. Imo katika nia unayoondoka nayo, katika namna unavyojichunga mahali ambapo hakuna anayekujua, na katika kile unachorudi nacho kwa watu wako. Sasa tulifafanue jawabu hili.

1. DALILI ZA KISHERIA

Mwenyezi Mungu katika Qur'ani Tukufu anatuamrisha tutembee katika ardhi tutazame jinsi alivyoanzisha viumbe (Suratul-Ankabut, aya ya 20). Na katika Suratul-Hujurat, aya ya 13, anatujulisha kwamba ametujaalia kuwa mataifa na makabila ili tujuane. Basi kutoka na kujuana na watu wengine ni jambo lenye asili katika dini yetu.

Wengi wetu tumezoea kutoa dalili kwa msemo wa kutafuta elimu hata China. Ndugu mwanafunzi, wanazuoni wa hadithi wameudhoofisha sana msemo huo, kwa hiyo haifai kumnasibishia Mtume (s.a.w.) bila ya kueleza hivyo. Wala hatuna haja nao, kwani tunayo dalili iliyo sahihi. Imepokewa na Imam Muslim kwamba mwenye kushika njia akitafuta elimu, Mwenyezi Mungu humsahilishia kwa hiyo njia ya kwenda Peponi.

Ama mfano ulio bora kwa kijana anayekwenda nchi ya watu, tunauona ni ule wa Nabii Musa (a.s.) katika Suratul-Qasas, kuanzia aya ya 22 mpaka ya 28. Musa alitoka Misri akikimbia kuuawa, akafika Madyan hana ndugu, hana rafiki, hana mali. Hapo kisimani aliwakuta watu wananywesha wanyama wao, na pembeni wanawake wawili wamezuia wao wakisubiri. Tuzingatie mambo manne:

(a) Jambo la kwanza alilolifanya ugenini lilikuwa ni kusaidia. Aliwanyweshea wale wanawake wanyama wao ilhali yeye mwenyewe ndiye mwenye shida.

(b) Alipomaliza alikwenda kivulini akamweleza Mola wake kwamba yeye ni mhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia. Hakuwapigia watu magoti.

(c) Alipotajwa kwa baba wa wanawake wale, alitajwa kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Kijana asiye na hizo mbili hatapata wa kumshika mkono popote aendapo.

(d) Mkataba wake wa kazi ulikuwa wazi. Muda ulijulikana, ni miaka minane, na kumi kama atapenda mwenyewe. Alijua atafanya nini na atapata nini.

Imepokewa kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba alitimiza muda ule mrefu zaidi. Miaka hiyo yote alikuwa mchungaji katika nchi ya watu, na ni baada ya hapo, akiwa njiani na ahali zake, ndipo alipoitwa na Mola wake kupewa Utume. Basi asidhani mtu kwamba miaka ya ugenini yenye kazi ya chini ni miaka iliyopotea.

2. IMAMU WETU NAYE ALIKUWA MGENI

Sisi watu wa pwani hii tunafuata madhehebu ya Imam Shafi. Je, tunajua kwamba madhehebu haya yana alama ya ugeni ndani yake?

Imam Muhammad bin Idris Ash-Shafi alizaliwa Gaza mwaka 150 Hijria (767). Baba yake alifariki angali mdogo, na mama yake akamchukua kwenda Makka ili alelewe na asome karibu na jamaa zake. Akiwa bado kijana alitoka Makka kwenda Madina kusoma kwa Imam Malik. Baadaye alifika Iraq, na huko akasoma kwa Muhammad bin Al-Hasan, mwanafunzi mkubwa wa Imam Abu Hanifa. Mwishoni mwa umri wake alihamia Misri, na huko ndiko alikofariki mwaka 204 Hijria (820).

Wale waliofikia darasa la fiq'hi la juu wameshasikia istilahi mbili: kauli ya kale na kauli mpya. Kauli ya kale ni ile aliyoisema alipokuwa Iraq, na kauli mpya ni ile aliyoisema alipokuwa Misri. Imamu aliposikia dalili ambazo hakuwa nazo, na alipokutana na wanazuoni na hali za watu ambazo hakuzijua, aliyapitia upya maneno yake mwenyewe na kuyabadilisha mengi. Hakuona haya. Hii ndiyo faida kubwa ya kwanza ya kuishi kwa watu: unapata kulisahihisha lile ulilolidhani umekwisha kulijua.

3. WANAZUONI WA PWANI YETU

Wazee wetu nao walikwenda njia hiyohiyo.

Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumait alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861. Alipewa ukadhi Unguja akiwa kijana. Wengi wangeona wamefika. Yeye aliiacha kazi ile akaenda kutafuta elimu zaidi, akafika Istanbul, Misri na Makka. Mwaka 1888 alirejea Unguja, akawa kadhi na mwalimu mpaka alipofariki mwaka 1925.

Mwenzake, Sheikh Abdallah Bakathir, alizaliwa Lamu. Alisoma Makka na Hadhramaut, kisha akafungua madrasa Ukutani, Unguja, iliyotoa wanazuoni waliotawanyika pwani nzima. Yeye pia alifariki mwaka 1925.

Habib Swaleh naye alizaliwa Ngazija akaja Lamu akiwa kijana. Mgeni huyu ndiye aliyeasisi Riyadha, akawafundisha hata watu wanyonge ambao wakati ule hawakuwa na nafasi katika darasa za wakubwa. Lamu yenyewe hii leo haiwezi kuelezwa bila ya kumtaja mtu ambaye hakuzaliwa hapo.

Na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891-1947) wa Mombasa alikwenda Unguja kusoma kwa hao wawili tuliowataja mwanzo. Safari yake haikuwa ndefu, Mombasa mpaka Unguja tu. Lakini alirudi na elimu, akatoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 kuwazindua Waislamu wa pwani kwa Kiswahili, na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kwa hiyo, mwanafunzi usiyekuwa na nauli ya ndege usivunjike moyo. Ugeni haupimwi kwa urefu wa bahari.

Tazama jambo moja linalowaunganisha wote hawa. Hatuwakumbuki kwa sababu ya nchi walizofika. Tunawakumbuka kwa madarasa na maandishi waliyoyaacha baada ya safari zao.

4. FAIDA TULIZOZIONA SISI WENYEWE

Kwanza: Lugha

Tuliondoka tukijiona tunajua Kiarabu. Tulikuwa tumemaliza Ajurrumiyya, na tuliweza kumwambia mtu lipi ni fa'il na lipi ni maf'ul. Siku ya kwanza Khartoum tulikwenda dukani kununua mkate, tukasema "khubz" kwa irabu zake zote. Muuzaji akacheka kwa upole, akatupa mkate, akatwambia kwamba pale wanauita "eesh". Mwenzetu wa Muscat alilikuta neno hilohilo, ila kule, kama kwa watu wengi wa Ghuba, maana yake ni wali!

Tusidharau, hata hivyo, vitabu vyetu vidogo. Wale waliokuja na msingi wa nahau walianza kufuata masomo baada ya miezi michache, na waliokuja bila ya msingi walihangaika muda mrefu. Kitabu cha madrasa ndiyo mbegu, na kuishi na wenye lugha ndiyo mvua.

Huko Muscat tuliikuta hazina nyingine tusiyoitarajia. Katika soko la Mutrah tulisikia Kiswahili kinazungumzwa, kwa sababu familia nyingi za Kiomani zilizokuwa Unguja, Pemba na bara zilihamia huko baada ya mwaka 1964, na zaidi tangu mwaka 1970. Mzee mmoja muuza ubani alikuwa akitusahihisha maneno: "Nyinyi vijana wa siku hizi, Kiswahili mmekitia maji." Tulikwenda mbali kutafuta lugha ya watu, tukafundishwa huko kuiheshimu ya kwetu.

Pili: Ibada kuwa yako mwenyewe

Hii kwetu ndiyo faida kubwa kuliko zote, na ndipo tulipoanguka kwanza.

Hapa nyumbani mtoto huamshwa na adhana, na adhana isipomwamsha huamshwa na mama. Akikosekana msikitini, jirani atauliza. Ugenini hakuna adhana mtaani, hakuna Maalim, hakuna jirani wa kumpelekea mama habari. Mjini London, mwezi wa Desemba, jua huzama kabla ya saa kumi za jioni, na Alasiri huingia kabla ya saa nane. Mwanafunzi mwenye kipindi cha kuanzia saa saba mpaka saa kumi anaingia darasani kabla ya Alasiri na kutoka Magharibi imeshaingia. Mwezi wa Juni ni kinyume chake. Ramadhani ilipoangukia Juni mwaka 2016, saumu ya huko ilipindukia saa 18.

Hatutaficha. Katika wiki za mwanzo tulipitwa na sala, si mara moja wala mbili, kwa kuona haya kuomba ruhusa. Usiku tulijiuliza: "Je, miaka yote ile tulikuwa tukimsalia Mwenyezi Mungu, au tukiwasalia mama na Maalim?" Swali hili hatukuwahi kujiuliza hapa nyumbani. Siku ya pili yake tulimwendea mhadhiri, mtu asiye Mwislamu, tukamwomba dakika kumi za katikati ya kipindi. Alikubali papo hapo, akatuonesha na pahali penye utulivu chini ya ngazi. Kikwazo kilikuwa ni haya yetu wenyewe. Tangu siku ile sala ikawa yetu.

Wanazuoni wamesema kwamba neno la Kiarabu "safar" lina asili moja na kufichua, kwa sababu safari huzifichua tabia za watu. Tumeliona hilo. Safari huanza kwa kukufichulia nafsi yako kabla ya kukufichulia wenzako.

Tatu: Kuheshimu tofauti

Sisi tumezoea kunuti katika sala ya Alfajiri. Ulaya tulisali nyuma ya maimamu wa Kihanafi wasiosoma kunuti. Sudan, ambako madhehebu ya Maliki ndiyo yaliyoenea, tuliwaona wazee wakisali mikono imening'inia. Oman tuliwaona Maibadhi nao wakifanya hivyo. Mwanzoni tulinong'onezana, "Hawa hawajui." Kumbe wana dalili zao na vitabu vyao, na wamo miongoni mwao wanazuoni ambao sisi hatufai hata kuwabebea viatu.

Hatusemi kwamba mtu aache madhehebu yake. Tulirudi tukiwa Mashafi kama tulivyoondoka. Lakini tulirudi tukijua kwa nini tunafanya tunayoyafanya, na tukiwa tumeacha kumcheka mwenzetu msikitini.

Nne: Kazi na kujitegemea

Kuna kijana hapa kwetu ambaye amefika miaka 20 hajawahi kuosha kikombe alichonywea chai. Ugenini utapika, utafua, utafagia, na utahesabu senti mpaka mwisho wa mwezi. Muscat tulibeba magunia ghalani. Tulikuwa na cheti cha kidato cha sita mfukoni na gunia begani, tukijifunza kwamba kazi ya halali haimshushi mtu. Pesa ya kwanza tuliyoituma nyumbani ilikuwa ndogo, lakini mama aliinunulia mchele akawagawia majirani. Mpaka leo wanatukumbusha.

Tano: Kuiona nyumbani kwa jicho jipya

Tuliona watu wanaanza darasa kwa saa iliyotajwa, na maktaba inajaa wanafunzi mpaka usiku. Tukaona upungufu wetu. Lakini pia tuliona majengo makubwa ambamo mtu anaishi mwaka mzima bila ya kujua jina la jirani wa mlango wa pili. Hapo tukakumbuka sahani za futari zinazopita mtaani kwetu, tukajua kuwa nasi tunacho ambacho wengine wamekikosa. Mtu asiyetoka huwa ama anadharau vyote vya kwao au anavisifu vyote. Aliyetoka hupata kipimo.

5. HATARI ZAKE

Tungekuwa si waaminifu kama tungetaja faida tukanyamaza hapo.

Udanganyifu. Mmoja wetu aliahidiwa na wakala kazi ya dukani. Alipofika alikuta ni ya ghalani, mshahara ni mdogo kuliko ule uliotajwa, na pasipoti yake ikachukuliwa siku ya kwanza. Mkataba alioutia saini ulikuwa kwa lugha asiyoisoma vizuri. Nauli ilikuwa imekopwa, kwa hiyo hakuweza kurudi. Ilimchukua mwaka mzima kuimaliza deni hiyo ndipo akapata mwajiri mwingine mwema. Linganisheni jambo hili na mkataba wa Nabii Musa (a.s.) tuliousoma hapo juu: muda unajulikana, kazi inajulikana, ujira unajulikana. Kisichokuwa wazi, msikitie saini.

Mabadiliko ya nchi. Nchi ya ugenini si yako, na amani yake huidhibiti. Vita vilipoanza Khartoum mwezi wa Aprili 2023, wanafunzi wengi kutoka nchi zetu za Afrika Mashariki ilibidi waokolewe na kurudishwa makwao, na wengine waliacha vitabu na vyeti vyao huko. Mtaa tulionunulia mkate ule umeguswa na vita. Tunawaombea ndugu zetu wa Sudan waliotupokea kama watoto wao Mwenyezi Mungu awarejeshee amani.

Kuwakosa wazazi. Hapa tunaomba tusikilizwe vizuri.

Wengi wamesikia habari za Ibn Battuta. Alitoka kwao Tangier, Morocco, mwaka 1325, akiwa na miaka 21, kwa nia ya kuhiji. Hija ikamfungulia njia, na njia ikamfungulia dunia. Mwaka 1331 alifika pwani yetu, Mogadishu, Mombasa na Kilwa, akaandika habari za wazee wetu, dini yao na misikiti yao. Alikuwa kadhi Delhi na Maldives. Sisi hapa tunafaidika na safari yake mpaka leo. Lakini ni wachache wanaosimulia mwisho wake. Mwaka 1348, alipofika Damascus, ndipo alipopata habari kwamba baba yake alikwisha kufariki miaka 15 nyuma. Na mwaka uliofuata, akiwa amekwisha kuingia Morocco na amebakiza safari fupi kufika kwao, akaambiwa kwamba mama yake amefariki kwa tauni.

Mtasema, zamani hakukuwa na simu. Basi sikilizeni. Mmoja wetu baba yake aliugua miezi saba naye hajui. Nyumbani walimficha ili asiache mitihani. Kila Ijumaa walizungumza kwa simu ya picha, na kila Ijumaa baba alikuwa amevaa kanzu na kofia, amekaa wima chini ya taa, anacheka. Baadaye tukaambiwa kwamba walikuwa wakimwinua watu wawili kumkalisha pale, na simu ikikatika wanamlaza. Alifariki Jumatatu alfajiri, akazikwa adhuhuri, kama inavyotakiwa. Hakuna ndege ya kuwahi maziko ya namna hiyo.

Jioni ile tulikwenda msikitini, ugenini, tukataka kumsalia sala ya maiti asiyekuwepo. Katika madhehebu yetu sala hiyo inajuzu, na dalili yake ni kwamba Mtume (s.a.w.) alimsalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, alipofariki mbali naye. Na Najashi ndiye yule aliyewapokea Masahaba walipokimbilia nchi yake wakiwa wageni. Imamu wa msikiti ule alikuwa Maliki, na kwa madhehebu yake sala hiyo haisaliwi. Alitusikiliza, akatufungulia mlango, akatwambia tusali kama tulivyofundishwa kwetu. Kisha yeye na majirani wakakaa nasi siku tatu, wakileta chai na chakula, kama kwamba marehemu alikuwa ndugu yao.

Siku hizo tatu tulijifunza ukubwa wa udugu wa Kiislamu kuliko tulivyojifunza vitabuni. Lakini hazikumrudisha mzee. Na wazazi nao tunawaambia kwa heshima: msitufiche maradhi yenu. Mtihani hurudiwa.

6. MASHARTI KWA ANAYETAKA KUTOKA

(i) Asafishe nia. Ajiulize: ninakwenda kutafuta nini, na nitakirudisha kwa nani? Asiye na jawabu asubiri.

(ii) Apate radhi za wazazi. Mtu alimjia Mtume (s.a.w.) kutaka kwenda jihadi, naye akamuuliza kama wazazi wake wako hai, kisha akamwelekeza kwao awatumikie. Ikiwa jihadi ilikuwa hivyo, itakuwaje kazi ya ghalani?

(iii) Aondoke na msingi. Ajue sala na hukumu za msafiri, halali na haramu, na Qur'ani ya kumtosha. Ugenini si mahali pa kuanzia alifu.

(iv) Mkataba au barua ya chuo isomwe na mtu anayejua lugha yake. Nakala ya mkataba, pasipoti na anwani ibaki nyumbani, na kijana ajue ubalozi wa nchi yake uko wapi.

(v) Asikope wala asiuze mali ya familia kwa ahadi ya mdomo.

(vi) Afikapo, autafute msikiti na watu wema kabla ya kutafuta starehe. Rafiki wa mwezi wa kwanza ndiye atakayeamua miaka itakayofuata.

(vii) Mabinti na wazazi wao wakae na masheikh wao juu ya suala la mahramu na makazi kabla ya kukubali nafasi yoyote. Dada yetu alikuwa na kaka yake, na anasema hilo lilimfaa katika dini yake na katika masomo yake.

(viii) Aweke muda wa kurudi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba safari ni kipande cha adhabu, na kwamba mtu akishamaliza haja yake afanye haraka kurejea kwa ahali zake.

7. HITIMISHO

Wahenga wetu, ambao walikuwa mabaharia, walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mtu atazunguka chombo chote, nyuma na mbele, lakini mwisho hurudi katikati.

Sisi watatu hatukurudi na magari wala majumba. Tumerudi na darasa la mazungumzo ya Kiarabu ambalo sasa hufanyika hapa madrasani kila Jumamosi baada ya Alasiri, na linaanza kwa saa iliyotajwa. Tumerudi na sala ambayo hatusubiri kuamshiwa. Na mmoja wetu amerudi na kaburi ambalo hulizuru kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, kwa sababu hakuwepo siku lilipochimbwa.

Kwa hiyo, mwanafunzi unayeuliza, "Niende au nibaki?" tunakujibu: ukiwa na nia safi, msingi imara, mkataba ulio wazi na radhi za wazazi, nenda, na Mwenyezi Mungu akuhifadhi. Likikosekana moja kati ya hayo, baki kwanza ulitengeneze. Na ukienda, piga simu mara kwa mara, uulize habari za kweli, na urudi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu walioko mbali, awape wazazi wao subira na umri wenye kheri, na awarehemu waliotangulia. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja mambo manne tunayojifunza kutokana na kisa cha Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyan.
2. Nini tofauti ya kauli ya kale na kauli mpya ya Imam Shafi? Kila moja aliisema akiwa nchi gani?
3. Ni mwanazuoni gani wa Mombasa aliyesoma Unguja, na alirudi na faida gani kwa watu wa pwani?
4. Kwa nini haifai kutumia msemo wa kutafuta elimu hata China kama hadithi ya Mtume (s.a.w.)? Toa dalili iliyo badala yake.
5. Eleza dalili ya kumsalia maiti asiyekuwepo. Imamu wa Kimaliki aliyetajwa katika somo alituonesha adabu gani?
6. Zungumza na wazazi wako: kama ungepata nafasi ya kwenda nje mwaka ujao, ni masharti gani kati ya yale manane bado hujayatimiza?

Wabillahi Tawfiq.